Mwandishi Tumemwona, Maandishi Yako Wapi?

Wiki iliyopita nilitumiwa video isiyotimiza dakika moja ya mwandishi wa hapa Kisumu ambaye hadithi zake fupi mimi huzirudia kila ninapopata nafasi, na nilipomaliza kuitazama nilikuwa nimekasirika. Droni inapaa juu ya mafunjo ya Dunga, mwandishi anatembea polepole kwenye njia ya mbao akiwa amevaa koti (koti, katika joto hili letu), anafungua daftari, analitazama ziwa kwa huzuni isiyoelezwa chanzo chake, kisha maandishi ya dhahabu yanaruka kwenye skrini: Mwandishi, Mshairi, Mwotaji. Filimbi inalia mwanzo hadi mwisho. Sentensi yake hata moja haikusikika.

Sipingi video. Wapo wakubwa wetu katika fani wanaodhani kujitangaza ni aibu, nao hawachoki kutukumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni rahisi kusema hivyo ikiwa kitabu chako kiliwahi kuteuliwa kutahiniwa shuleni, kikanunuliwa na wanafunzi wa nchi nzima, wapende wasipende. Sisi wengine, ambao riwaya zetu hukaa rafuni nyuma ya vitabu vya marudio ya KCSE, hatuna budi kujitembeza. Msomaji yuko kwenye simu, basi na tumfuate huko.

Ugomvi wangu ni juu ya kinachoonyeshwa. Mpishi wa samaki wa pale Dunga akijipiga video, kamera haishughuliki na aproni yake. Tunamwona ngege akigeuzwa kwenye karai na tunayasikia mafuta yakitatarika, na kabla video haijaisha mate yameshatujaa kinywani. Mwandishi peke yake ndiye anayeamini kwamba atauza kazi yake kwa kuificha.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba sisi tumefundishwa jambo hili tangu utotoni. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na wengi waliosoma upande huu, iwe Vihiga, Siaya au Bungoma, wamewahi kusimama mbele ya waamuzi na kukariri shairi, au angalau kuketi sakafuni wakimtazama mwenzao akifanya hivyo, bila kipaza sauti, bila taa, bila filimbi. Namkumbuka msichana mmoja, sare yake imepauka, aliyeanza ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini hata waamuzi wakalazimika kuinama ili wamsikie. Kufikia ubeti wa tatu, walimu waliokuwa wakinong'onezana mlangoni walikuwa wamenyamaza, na mwamuzi mmoja alikuwa ameiweka kalamu yake mezani. Msichana yule hakutueleza kwamba yeye ni mkariri, wala kwamba ana ndoto. Alikariri, akainama kidogo, akaondoka.

Basi na tusome. Dakika moja ya kusoma kwa utulivu hubeba maneno 100 hivi, na hayo yanatosha aya moja iliyoiva. Wala tusisingizie kwamba muda ni mfupi, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 YouTube imeruhusu video fupi za hadi dakika 3. Usichague aya unayoipenda kuliko zote, kwa maana hiyo mara nyingi iko katikati ya kitabu na haieleweki bila kurasa zinazoitangulia. Chagua ile ambayo msikilizaji anaingia jambo likiwa limekwisha kuanza, na uikatize pale ambapo bado anataka kujua ni nani aliyebisha hodi usiku ule. Jina lako litaje baada ya sentensi ya kwanza, si kabla yake, kwa sababu kidole cha mtu anayepitisha video hakisubiri "Hamjambo wapenzi wasomaji, kwa majina naitwa". Manukuu yawekwe, kwa kuwa wengi hutazama wakiwa ndani ya matatu na simu zao hazina sauti; nayo yapitiwe na jicho la binadamu, maana programu zinazoandika manukuu zenyewe hukitendea Kiswahili mambo ya aibu.

Nakubali, shingo upande, kwamba ziwa letu linapendeza kwenye picha. Lakini upepo wa alasiri ukivuma kutoka huko huingia kwenye kipaza sauti cha simu na kumeza silabi zote, na nashuku kwamba filimbi huitwa kuja kuufunika. Chumba cha kulala alfajiri, kabla tuktuk hazijaamka, kikiwa na blanketi zito lililotundikwa ukutani kuua mwangwi, kitakupa sauti safi bila droni na bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nitaambiwa kwamba si kila mwandishi ana sauti ya kusomea, na ni kweli: wapo kati yetu ambao wakisoma kazi zao, tangazo la vifo la redioni lina uchangamfu zaidi. Hao wamwombe mtu mwingine awasomee. Lakini wasikate tamaa mapema, kwa sababu sauti iliyokwaruza kidogo, ya mtu anayejua kwa nini aliweka koma pale alipoiweka, mimi binafsi huisikiliza hadi mwisho.

Na mwishoni mwa video litajwe jina la kitabu, lionyeshwe jalada, itajwe bei, na litajwe duka au nambari ya kulipia. Binamu yangu wa Webuye, ambaye hununua riwaya za Kiswahili kuliko mtu yeyote ninayemjua, humwuliza kila mwandishi anayemwona kwenye simu kitabu chake kinauzwa wapi na kwa shilingi ngapi. Wengi humjibu kwa alama tatu za moto. Hela zake za riwaya bado anazo.