Asilimia 15 si ndogo

Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 2022 dhoruba ya ngurumo iliyozaliwa baharini, jirani na visiwa vya Balearic vya Uhispania, iliikumba Corsica, kisiwa cha Ufaransa. Huko Marignana upepo ulipimwa zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Ikavuka Italia na Austria hadi Cheki, kama kilomita 1,000 kwa saa 12, na kuacha watu 12 wamekufa, watano kati yao Corsica. Tahadhari ya rangi ya machungwa, ngazi moja chini ya nyekundu, kutoka Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, ilitolewa wakati upepo tayari umefika.

Lawama zikaanza siku ileile, na haziwezi kupuuzwa. Agosti Corsica hujaa wageni: mahema chini ya miti, mashua zimetia nanga. Aliyelala kwenye hema hahitaji somo la fizikia. Alihitaji nusu saa ya kutoka chini ya mti. Mamlaka ikiwa na kompyuta za kutisha kisha ikachelewa, ana haki ya kuuliza inalipwa kwa kazi gani.

Ila wengi wanaouliza hivyo wanadhani mtabiri anasoma ratiba ya treni. Hasomi. Anachoona jana yake ni viungo vya pilau, si pilau: unyevu mwingi, hewa ya joto chini na ya baridi juu, upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda. Siku hizo Mediterania ilikuwa na joto lisilo la kawaida, basi viungo vilijaa. Nani atawasha moto, na wapi, ndilo fumbo. Modeli kuu ya Ulaya, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, wakati huo iligawa dunia katika vyumba vya kilomita 9 hivi, ilhali mkondo wa hewa unaopanda ndani ya wingu la radi unaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Hata AROME, modeli ya Wafaransa yenye vyumba vya kilomita 1.3, haikuuona ukali ule.

Ndiyo maana wataalamu husema kwa asilimia, na hapo ndipo msomaji hupotea. Kituo cha Marekani cha kutabiri dhoruba, kilichoko Norman, Oklahoma, kinapoandika asilimia 15 ya upepo mkali, kinamaanisha uwezekano wa upepo huo kutokea ndani ya kilomita 40 kutoka mahali ulipo. Piga hesabu: duara hilo lina kilomita za mraba zipatazo 5,000, yaani Unguja tatu. Siku nyingi za mwaka uwezekano huo haufiki hata asilimia 1. Kwa hiyo 15 ni kelele kubwa, japo masikioni mwa mtu aliyezoea alama za mtihani ni kufeli kabisa. Na katika siku 100 za namna hiyo, utabiri ukiwa mzuri kabisa, siku 85 eneo lako litabaki salama. Nani atakuwa bado anasikiliza siku ya 86?

Wanaotaka tahadhari ya machungwa itolewe kila viungo vinapokutana wajibu swali hilo kwanza. Ukifunga kambi zote za Corsica kila mara, mwezi unaofuata mwenye kambi hatakupokea simu. Kwangu mimi, mtabiri aliyekiri kiwango cha shaka yake amefanya kazi kuliko aliyepiga kelele ili asilaumiwe.

Ninapowapa walalamikaji haki ni kwenye saa za mwisho. Mvua ikishaanza kupiga radi baharini, hilo si jambo la kutabiri tena, ni la kutazama. Rada za nchi kavu hazifiki mbali baharini, na setilaiti ya Ulaya yenye jicho la kunasa radi ilirushwa Desemba 2022, miezi minne baada ya msiba. Ipo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta na inaiona Afrika pia, pamoja na Ziwa Victoria, ambako wavuvi hukutwa na ngurumo usiku. Jicho limepatikana. Kinachosalia ni njia ya habari kutoka chumba cha wataalamu hadi kwa aliyelala hemani saa kumi na mbili asubuhi, simu yake ikiwa imezimwa ili kutunza chaji.