Unga Kichwani

Jamani, mimi siku hizi nikiingia dukani kuulizia unga, muuzaji ananitajia bei huku anatazama pembeni, ana aibu kwa niaba yangu. Halafu nakaa nasoma habari za mabibi wakubwa wa Ufaransa wa miaka ya 1770, nakuta wenzetu unga walikuwa wanajipaka kichwani!

Sitanii. Kwanza nywele zinapakwa mafuta ya nguruwe au ya kondoo, yashike. Kisha wanapuliza wanga wa ngano mpaka kichwa kinakuwa cheupe pee, na bibi mwenyewe kaziba uso kwa koni ya karatasi asipaliwe. Unga upo, mafuta yapo. Hapo kilichokosekana ni kikaango tu.

Na msidhani mkate ulikuwa wa kumwaga. Mwaka 1775 bei ilipanda, raia wakavamia masoko na maghala, fujo zikaitwa Vita vya Unga. Huku Versailles, kwenye kasri la mfalme, Léonard, msusi wa Malkia Marie Antoinette, anazidi kurundika ghorofa: waya ndani, pamba, nywele za bandia, manyoya ya mbuni juu. Mwaka 1778 manowari yao Belle Poule ikapigana na Waingereza, basi mabibi wakasimamisha meli nzima utosini, milingoti na matanga yake. Meli! Kwenye gari la farasi kichwa hakiingii, bibi anapiga magoti sakafuni mpaka afike kwenye dansi. Na kwa vile kazi yote hiyo haifumuliwi kwa wiki kadhaa, kichwa kikiwasha kuna kijiti maalumu cha kukunia. Kinachowasha ni nini humo ndani, mimi sisemi, kuna watu wanakula.

Mama watoto akirudi saluni amesukwa, anasema nisimguse, kichwa kinavuta. Zamani nilikuwa nanung'unika. Sasa namwangalia utosini, naona hakuna manowari, nalala.

Waingereza angalau waliamka. Mwaka 1795 Waziri Mkuu Pitt akaweka kodi: anayetaka kujipaka poda ya nywele alipe gini moja, sarafu yao ya dhahabu, kwa mwaka. Wengi wakaona heri wabaki na nywele zao kama zilivyo. Ila baba mwenye mabinti zaidi ya wawili ambao hawajaolewa alilipia wawili tu, waliobaki bure. Mimi ninao wanne, na hakuna hata posa mlangoni. Hiyo ndiyo serikali pekee iliyowahi kunifikiria, nayo ilikuja kabla sijazaliwa.