Nikutengenezee na wewe?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, mtakwimu Ronald Fisher alimimina kikombe cha chai akampa mfanyakazi mwenzake, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani. Bristol akakataa. Yeye, alisema, hunywa chai iliyotanguliziwa maziwa, na hii imetanguliziwa chai. Fisher aliona ni mzaha: maziwa ni yale yale, majani ni yale yale, ladha itatofautiana wapi? Mwenzao mwingine, William Roach, akapendekeza wamjaribu. Fisher alipokuja kulieleza jaribio la namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1935, alitumia vikombe vinane, vinne vya kila aina, vilivyochanganywa. Anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya 70 ya kuvipatia vyote. Wanafunzi wa takwimu wanakisoma kisa hicho mpaka leo.

Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine kabisa. Mtu kaletewa chai na mwenzake kazini, kasema hapana, kaeleza anavyoipenda, na kazi zikaendelea. Kwenye ofisi nyingi nilizopita ingekuwa balaa. Ungepokea kikombe chenye vijiko vinne vya sukari, ungetabasamu, ungesema ahsante sana, kisha ungesubiri jikoni pawe patupu ukakimwage kwenye sinki.

Basi swali lenyewe ni hili: ukiinuka kujitengenezea kinywaji, unawajibika kuwauliza wenzako? Kuna kambi mbili, na kila moja inaiona nyingine haina malezi.

Kambi ya kwanza inasema ndiyo, kila mara. Kupita mbele ya watu watano walioinamia kazi ukiwa na kikombe chako peke yako ni uchoyo. Wana hesabu pia. Birika la umeme la wati 2,000 likijazwa lita 1.7 huchukua kama dakika tano kuchemka, na maji hayo yanajaza vikombe sita vya mililita 250. Watu sita wakienda mmoja mmoja ni safari sita, mistari ya kusubiri, na maongezi sita ya mlangoni. Akienda mmoja, watano wanabaki kazini. Lakini hoja yao yenye uzito haimo kwenye saa. "Nikutengenezee na wewe?" mara nyingi ndiyo sentensi pekee ya siku nzima ambayo mtu wa uhasibu anamwambia mtu wa mapokezi bila kuwa anadai karatasi fulani. Hapo nawaunga mkono bila kigugumizi. Ofisi ambayo watu hawaandaliani hata maji ya moto ina ubaridi wake, na mgeni anausikia kabla hajaonyeshwa kiti.

(Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai sayansi imethibitisha. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Williams na Bargh, waliripoti kwamba mtu aliyeshika kikombe cha kahawa ya moto kwa muda mfupi alimwona mtu asiyemfahamu kuwa mchangamfu zaidi kuliko aliyeshika kahawa ya baridi. Habari hiyo ilisambaa sana. Mwaka 2019 wengine walirudia jaribio wakiwa na washiriki wengi zaidi, na tofauti haikuonekana. Aliyekuletea chai siku uliyochoka unamkumbuka, na huhitaji maabara kuyajua hayo.)

Kambi ya pili inasema kila mtu ajitengenezee, na tusidhani ni kambi ya wachoyo. Wa kwanza wao ni yule mwenye mapendeleo magumu: majani yakae dakika tatu kamili, maziwa kidogo, sukari hapana. Anajua akikuagiza atakutesa, kwa hiyo anaona heri aende mwenyewe. Wa pili ni mwenye hesabu za deni. Ukikubali kikombe leo, kesho unadaiwa sita, maana ukisimama huwezi kumrudishia mmoja ukawaacha wengine wanakutazama. Anayekunywa kimoja kwa siku anajikuta anawahudumia wanaokunywa vitano.

Wa tatu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu huwa hasemi. Kukataa kikombe kuna siku kunatoa siri. Aliyefunga, aliyezuiwa na daktari, ambaye dini yake haimruhusu chai wala kahawa: hawa wote wanaweza kuwa hawataki kulifanya jambo hilo kuwa mazungumzo ya ofisi. Mfikirie mwanamke aliyekuwa akinywa kahawa kila asubuhi, akaacha ghafla. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2015 kiwango cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina kama 90. Kwa hiyo viwili tu vinamfikisha karibu na ukomo wake, na huenda akaamua kuacha kabisa. Swali la upole, "Leo hunywi? Kulikoni?", likiulizwa mbele ya meza nane, limeshamtangazia jambo ambalo pengine hata mamake hajaambiwa.

Ndiyo maana naona adabu ya anayeuliza inapimwa pale anapojibiwa hapana. Jibu likishatoka, neno la kufuata ni "haya" na unaendelea na meza inayofuata. Hakuna "kwa nini", hakuna "hata kidogo tu", hakuna "mimi chai yangu huipendi". Kambi ya kwanza ikikubali sharti hilo moja, nusu ya malalamiko ya kambi ya pili yanakwisha.

Nusu iliyobaki ni nzito zaidi, na kambi zote mbili zinaikwepa. Zinabishana juu ya anayepokea kikombe. Anayesimama jikoni hazimtaji.

Mwaka 2017 wachumi wakiongozwa na Linda Babcock walichapisha jaribio linalofaa kukumbukwa kila birika linapowashwa. Waliweka watu katika vikundi vya watatu mbele ya kompyuta. Ndani ya dakika mbili mmoja alitakiwa abonyeze kitufe. Asipojitokeza yeyote wote wanapata malipo duni, akijitokeza mmoja wote wanapata zaidi, ila yeye aliyebonyeza anapata pungufu ya wenzake. Ni kazi ambayo kila mtu anataka ifanyike, ila na mwingine. Vikundi vilipochanganya wanawake na wanaume, wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi. Sasa sikiliza hili: vikundi vilipokuwa vya wanaume watupu, wanaume walijitokeza sawasawa na wanawake walivyojitokeza kwenye vikundi vyao. Kumbe uwezo wa kubonyeza wanao. Wakiona kuna mwanamke chumbani, wanasubiri. Na alipoongezwa mtu wa nje wa kuomba mmoja wao ajitolee, naye aliwaomba wanawake mara nyingi zaidi, awe mwanamume au mwanamke.

Kwa hiyo mtu akiniambia "lakini yeye anapenda kututengenezea", siku hizi nauliza nani mwingine alishawahi kusubiriwa.

Nasema hivyo huku nikijua nilikotoka. Katika ofisi yangu ya pili, kwa mwaka mzima nilikunywa chai aliyoniandalia dada mmoja aliyekaa meza mbili kutoka kwangu. Alijua vijiko vyangu vya sukari. Alijua siku za mkutano nataka kikombe kikubwa. Hakuwa mhudumu, alikuwa na cheo kama changu, na alianza kazi miezi mitatu baada yangu. Nadhani wiki yake ya kwanza alitaka kuzoeana na watu akauliza nani anataka chai, sote tukanyoosha mikono, na ikawa imepita. Waliokuwepo wangekutajia methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila methali hiyo inamwita mgeni ashike jembe alime pamoja na wenyeji. Haisemi wenyeji warudi kivulini.

Wakuu wa kazi nao wana lao. Mkuu akiandaa chai mara moja kwa mwaka, siku ya picha, watu wanaelewa. Akiandaa kila wiki bila kelele, ofisi nzima inabadilika, kwa sababu hakuna tena anayeweza kudai kuwa birika liko chini ya hadhi yake.

Je, tubandike zamu ukutani? Hapo mimi mwenyewe nayumba. Karatasi ya zamu inagawa kazi kwa haki, na inaua uzuri wake papo hapo. Kikombe ulicholetewa kwa sababu ni Jumanne hakina ladha ya kikombe ulichokumbukwa. Lakini hiari ikiachwa bila ulinzi inaangukia mabega yale yale. Nimeishia kuzitenganisha. Zamu iwe ya kuosha vikombe, kusafisha sinki na kununua majani na sukari, kwa sababu hizo hakuna anayezifanya kwa upendo. Kuandaa chai kuwe hiari, na kusivuke idadi ya watu wanaotoshwa na birika moja: waulize walio karibu nawe, ukomee hapo. Ofisi ya watu ishirini haihitaji shujaa mwenye sinia. Sukari iletwe pembeni, mtu akoroge mwenyewe. Na aliyetengenezewa mara tatu mfululizo bila kuinuka ajijue.

Teknolojia haitatusaidia, wala tusiingoje. Mwaka 1991 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, waliochoka kutembea hadi kwenye birika la kahawa lililokuwa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room na kulikuta tupu, walilielekezea kamera ili kila mmoja alitazame akiwa mezani kwake. Mwaka 1993 picha yake iliunganishwa na intaneti, na dunia nzima ikawa inatazama kahawa ya watu wengine mpaka kamera ilipozimwa mwaka 2001. Akili zote zile zilitumika kujua kama mwenzako ameshachemsha. Swali la nani achemshe lilibaki palepale.

Yule dada wa ofisi yangu ya pili, siku moja alichelewa kufika, tukakaa na vikombe vitupu mpaka saa nne, tukitazamana kama watoto. Hatimaye nikainuka. Alipoingia nilikuwa napitisha vikombe, nikamuuliza chai yake huwa anaiwekaje. Akacheka. Akasema yeye hanywi chai, ana vidonda vya tumbo tangu akiwa shuleni.

"Niletee maji ya moto tu," akasema. "Usiweke kitu."