Kusafiri nje na watoto: kabla ya hali ya hewa, uliza jua linazama saa ngapi

Ukisema tu unataka kwenda nje na watoto kila mtu atakwambia nenda kiangazi, ndo kuna jua, watoto watacheza. Mi nilisikiliza. Tukaenda Stockholm mwishoni mwa Juni, mkubwa ana miaka 4 na mdogo wake mwaka na nusu, na mpaka leo nikiikumbuka ile safari sikumbuki majengo wala boti, nakumbuka pazia. Pazia jeupe, jepesi kama chandarua, saa 4 usiku jua ndo kwanza linazama na huyu mkubwa kasimama kitandani ananiuliza, "Mama, kwani leo usiku hauji?" Namwambia lala, ananionyesha dirisha kwa kidole. Sasa utabishana na nini? Baba yake akachukua blanketi akalibana kwenye bomba la pazia kwa vibanio vya nguo, likawa linadondoka kila baada ya nusu saa, na ilipofika saa 9 na nusu usiku jua limeshachomoza tena na yule mdogo kaamka na nguvu zake zote kama mtu aliyelala siku mbili.

Kwa hiyo siku hizi nikichagua msimu kitu cha kwanza naangalia ni mwanga, halijoto baadaye. Kwa nchi za kaskazini napenda mwezi Septemba, usiku unakuwa usiku kweli na baridi bado haijaanza kuuma. Desemba nayo watu wanaisifia sana kwa zile taa za Krismasi, nakubali zinapendeza, ila London mwezi huo jua linazama kabla hata ya saa 10 jioni, mtoto ukimlaza mchana akiamka anakuta giza na siku ndo imeisha hivyo.

Joto ndo kesi nyingine. Dubai bei za hoteli zinashuka Julai na Agosti, watu wanaona wamelamba dume, lakini zinashuka kwa sababu, nje kunapita nyuzi 40 na unyevu juu yake. Utasema tutakaa ndani kwenye kiyoyozi. Sawa, ila kuna kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, kuna kusubiri teksi, na kile chuma cha mkanda wa kigari cha mtoto kikikaa juani kidogo tu ukamfungia kinamuunguza paja. Nenda kati ya Novemba na Machi, lipa hiyo hela ya ziada, mtoto acheze nje.

Halafu usiulize "msimu wa Thailand ni lini" maana nchi moja inaweza kuwa na misimu miwili kwa wakati mmoja. Upande wa Phuket mvua inatawala kuanzia Mei mpaka Oktoba, huku kisiwa cha Samui mvua kubwa zinakuja Oktoba mpaka Desemba. Uliza ufukwe gani, usiulize nchi.

Na kuna jambo ambalo wengi tunalisahau, na wenyeji nao wana watoto na wana likizo! Japani kila mtu anataka maua ya mcheri, mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, na yakiisha tu inakuja ile wiki yao ya sikukuu zilizofuatana, mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Mei, treni zimejaa wao kwa wao. Hapo na kigari na mabegi utakoma. Mimi ningeenda katikati ya Mei, hakuna maua lakini kuna nafasi ya kukaa, na mvua zao za Juni bado. Ulaya ya kusini ni hivyohivyo, Agosti fukwe zote zimejaa familia, Septemba watoto wa kule wamerudi shule na maji ya bahari bado ya vuguvugu kwa sababu bahari inachelewa kupoa kuliko nchi kavu.

Kama wako hajaanza shule, jamani, tumia hiyo bahati. Na kama bado hajafika miaka 2 kata tiketi sasa, maana mashirika mengi ya ndege yanamruhusu kukaa mapajani kwa nauli ndogo, akishatimiza 2 analipiwa kiti. Angalia na tarehe ya kurudi, akitimiza mkiwa huko wanaweza kukudai kiti cha kurudi.

Wa shule ndo mtihani. Kumtoa wiki moja katikati ya muhula mi siioni kama dhambi, mtoto wa darasa la pili atafidia tu, ila kuna nchi hawataki mchezo, Uingereza kwa mfano mzazi anaweza kupigwa faini, kwa hiyo jua sheria ya unakoishi kabla hujajifanya mjanja.

Safari hii nataka Ugiriki, Septemba. Baba yao anavutia Julai kwa sababu likizo yake ya kazini inaangukia hapo, tumebishana wiki nzima, nimemwambia kama ni Julai basi vya kuzibia dirisha abebe mwenyewe na saa 12 asubuhi jua likichomoza aamke yeye.