Ngitili imerudi, moshi nao haujaondoka

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani malisho ya akiba ya Wasukuma, zilizojulikana katika mkoa huo wa Tanzania zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Watafiti walihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege waliorejea. Kwa mkoa uliofyekwa misitu enzi za mkoloni ili kumaliza mbung'o, kisha ukalimwa pamba, hilo si jambo dogo.

Ngitili, kwa asiyeijua, huendeshwa hivi. Mvua zikianza, eneo hufungwa. Kiangazi kikikaza na nyasi kwingine zimekwisha, hufunguliwa kipande kwa kipande. Humo humo visiki vya zamani huchipua, na kuni hupatikana karibu na nyumbani. Watetezi wake husisitiza hapo: mwanamke aliyekuwa akishinda porini akitafuta kuni amepunguziwa saa kadhaa za kutembea.

Sasa ufuate huo mzigo wa kuni mpaka jikoni. Kibanda cha dirisha moja, mafiga matatu, paa jeusi tititi kwa masizi. Mama anainama kupuliza moto, na mtoto aliye mgongoni anavuta moshi uleule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mtaalamu wa misitu akiziona kuni hizo anaandika faida. Wa afya anaandika hasara. Kuni ni zilezile.

Serikali imeshachagua upande. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Wenye shaka wanauliza: kuni zikikosa kazi, msitu utalindwa na nani? Wanaweza kutaja Japani. Huko misitu ya vijijini iitwayo satoyama ilikatwa kwa zamu, karne na karne, kwa ajili ya kuni na mkaa. Gesi na mafuta vilipoenea miaka ya 1950 na 1960, watu waliipa kisogo. Mianzi na vichaka vikaisonga, vipepeo na maua vinavyohitaji mwanga vikapungua.

Mimi naona mfano huo unatisha kupita kiasi. Ngitili ilizaliwa kwa ajili ya ng'ombe, kuni zilifuata baadaye, na mtungi wa gesi haulishi ng'ombe. Mwenye mifugo ataendelea kuifunga mvua zikinyesha, apikie gesi asipikie.

Wasiwasi wangu ni kwa asiye na hata ndama. Kuni ndizo fungu lake ndani ya ngitili. Zikiondolewa, kinachomfikia kutoka humo ni wanyama: nguruwe pori wanaofukua shamba lake, na fisi, maana nao wamerudi, anayembeba mbuzi wake usiku. (Takwimu za ndege zinapendeza zaidi ukizisomea mjini.) Halafu tunamkabidhi mtungi ambao kila ukiisha lazima atoe fedha taslimu, katika kaya inayoziona fedha msimu wa mavuno tu. Akishindwa kuujaza ataenda kutafuta kuni, na safari hii itambidi aingie kwenye ngitili ya mwenye ng'ombe, gizani, akisikilizia sungusungu, walinzi wa kijiji.