Aseniki kwenye dhahabu: "ilikuwepo toka zamani" sio jibu kamili

Kila ikiibuka ishu ya aseniki kwenye maji karibu na mgodi wa dhahabu, watu wanagawanyika hapo hapo. Wa jiolojia wanasema sumu hiyo ni ya asili, iko kwenye mwamba kabla mgodi haujafikiriwa. Wengine wanasema mgodi ndo umeileta. Mi naona wa kwanza wako sahihi ila wanaishia njiani.

Upande wao kwanza, maana wengi hawaupi haki yake. Dhahabu nyingi ya mikanda ya grinistoni (miamba ya kale sana ya volkano), kama ile ya Geita na Mara, ililetwa na maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa za mwamba zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, nyuzi kama 250 mpaka 400, yamebeba dhahabu iliyoshikana na salfa na mara nyingi aseniki nayo imo humo humo, sasa yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, chuma kinaivuta salfa, inatengenezwa pairaiti (chuma na salfa) na asenopairaiti (chuma, salfa na aseniki), dhahabu inakosa wa kuibeba inadondoka. Asenopairaiti ni lile jiwe la kijivu linalong'aa kama fedha, ligonge nyundo linanuka kitunguu swaumu.

Na aseniki inasaidia kutafuta. Dhahabu unaipima kwa gramu chache kwenye tani nzima ya mawe, aseniki inaweza kuwa mamia ya gramu na imesambaa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo unapima udongo unajua pa kuchoronga. Sio kila mara lakini. Kalgoorlie kule Australia sehemu ya utajiri ilikaa na madini ya teluri, na kuna vilima vimejaa aseniki dhahabu hakuna.

Shida inaanza mkishuka chini. Juu mwamba umeshaoza, dhahabu iko huru, zebaki inaikamata. Duara (shimo la kuchimbia) likivuka usawa wa maji ya ardhini unakuta salfaidi, yaani madini yenye salfa, dhahabu imefungwa ndani ya chembe za asenopairaiti, nyingine hata darubini haiioni, zebaki haishiki na sayanaidi haifiki. Lazima uivunje hiyo chembe.

Mgodi wa dhahabu wa Giant Mine, Yellowknife, Kanada, ilifanya kazi 1948 hadi 2004, wao walichagua kuikaanga kwenye tanuru. Aseniki ikatoka kama vumbi la traioksaidi (aseniki iliyoungana na oksijeni), ambalo linayeyuka kwenye maji, tofauti kabisa na lilivyokuwa limetulia kwenye jiwe. Miaka ya mwanzo vumbi lilikuwa linatoka na moshi, na 1951 mtoto mdogo wa jamii ya Yellowknives Dene, wenyeji wa asili wa huko, akafa kwa sumu hiyo. Baadaye wakalikusanya wakalifungia chini ya ardhi, tani 237,000, ziko huko mpaka leo, mwenye mgodi alifilisika 1999 na serikali ndo inagharamia kuligandisha kwa baridi lisivuje, hesabu ya usafi imepita dola bilioni 4 za Kanada. Hapo ukiniambia "ni ya asili" nitakuelewaje?

Obuasi, Ghana, nao mawe yao ni ya asenopairaiti, ila miaka ya 90 wakaleta bakteria wa kuila hiyo salfaidi kwenye matangi, aseniki inashikizwa na chuma inabaki tope gumu kuyeyuka. Tope nalo linataka bwawa lisilovuja, sio muujiza. Ila imeonyesha kwamba jiwe lile lile linaweza kuacha mzigo tofauti.

Kwa wachimbaji wadogo wa huku kwetu mi ninachoogopa ni marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Jiwe lenye aseniki likisagwa kwenye karasha likawa unga, likaachwa wazi linapigwa hewa na mvua, linaachia vitu ambavyo mwamba mzima ungevishikilia muda mrefu sana. Kwa hiyo kabla ya kubishana nani kaleta, maji ya visima yapimwe kabla ya plant (mtambo wa kuchenjulia dhahabu) kujengwa na baada, kiwango cha juu cha aseniki cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni mikrogramu 10 kwa lita. Na usidanganyike kuyachemsha, aseniki haitoki na mvuke, maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki imekolea zaidi.