TV na Watoto wa Nyanda za Juu: Kabla Hatujazima

Likizo ya Desemba ikikaribia, Mbeya huwa na mjadala wake: TV inaharibu watoto. Utausikia kwenye vikao vya wazazi, kwenye mahubiri, hata ndani ya Coaster za Tukuyu. Katika kikao kimoja hapa mjini, mwalimu wa darasa la awali alisema watoto wake wanayajua majina ya katuni kuliko majina ya miezi. Mzazi mmoja akatoa hoja kwamba kila nyumba izime TV Jumatatu hadi Ijumaa, na watu wakapiga makofi. Uchungu wao naujua, na sehemu ya hoja ina mashiko. Ila kuna shahidi mmoja ambaye hakuitwa.

Kwanza walipo sahihi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mama anayemweka kichanga mbele ya TV ili apate nafasi ya kusonga ugali namhurumia, lakini kichanga hajifunzi kitu pale. Kuna pia suala la mwendo. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Angeline Lillard na Jennifer Peterson, waliwaonyesha watoto wa miaka minne dakika tisa za SpongeBob, katuni inayokwenda mbiombio, kisha wakawapima papo hapo. Uwezo wao wa kujizuia na kufuata maelekezo ulikuwa chini ya ule wa wenzao waliokuwa wakichora au waliotazama kipindi cha taratibu. Dakika tisa tu, na huku kwetu wapo wanaotazama tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya zamani zaidi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara tulikaa bila mpaka 1994, na huo ulikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona TV kuwa anasa ambayo ingewafaidisha watu wa mjini na kuwaacha wa vijijini wakitazama kwa mbali. Watoto wa Bara wa enzi hizo walikuwa na redio ya betri na Mama na Mwana, kipindi cha Deborah Mwenda kwenye Redio Tanzania, ambacho hakikumuuliza mtu kama ana umeme. Mwalimu alibashiri sawasawa. Leo chaneli za watoto zinazosifiwa ziko kwenye vifurushi vya kulipia, na mtoto wa Makete ambaye kwao hakuna umeme hahusiki kabisa na ugomvi huu wa kuzima au kuwasha.

Sasa shahidi. Sesame Street, kipindi cha TV cha watoto, ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 1969, na lengo lake lilikuwa wazi: kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla hawajaanza shule. Vituo vya umma vilivyokirusha kipindi hicho havikuwa na bahati sawa. Vingine vilikuwa kwenye masafa ya VHF, yanayonaswa na TV yoyote. Vingine vilipewa UHF, ambayo TV nyingi za wakati ule hazikuyapata kabisa, au ziliyapata kwa chenga. Karibu theluthi moja ya Wamarekani waliishi mahali ambapo kipindi kilikuwa taabu kuonekana. Los Angeles ilikuwa upande wa chenga, na Washington pia, mji mkuu wenyewe. Hapo uzembe wa mzazi haukuwa na nafasi wala bidii yake haikusaidia. Kilichoamua ni aina ya kituo mtoto alichozaliwa karibu nacho.

Mwaka 2015 wanauchumi Melissa Kearney na Phillip Levine waliitumia tofauti hiyo. Waliwafuatilia kwenye takwimu za sensa watoto waliokuwa na umri wa kuanza shule kipindi kile, wenye mawimbi mazuri na wenye mabaya, kuona nani alikuwa kwenye darasa la umri wake na nani alibaki nyuma. Wenye mawimbi mazuri walikuwa na uwezekano mdogo wa kubaki nyuma, kwa takriban asilimia 14. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana na kwa watoto wa maeneo ya kimaskini. Gharama yake, kwa thamani ya pesa za wakati wa utafiti huo, ilikuwa kama dola 5 kwa mtoto kwa mwaka.

Hiyo dola 5 imenikaa kichwani. Ni shilingi kati ya 12,000 na 13,000, kutegemea unabadilisha siku gani. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni inunue chaki, ichape mitihani, izibe kioo kilichovunjika. Hakuna mwalimu mkuu wa Mafinga wala Rungwe atakayekwambia inatosha. Na chaki iliyotumika Uyole haiwezi kutumika tena Njombe, wakati kipindi cha watoto kikishatengenezwa, mtoto wa milioni moja hamwongezei mtengenezaji gharama yoyote ya maana. Ukitafuta kitu cha kielimu chenye bei ya mkoa maskini na ubora wa mkoa tajiri, sioni kingine kinachokaribia.

Anayetaka kunipinga ana pa kushika: watafiti haohao walisema matokeo ya baadaye, yaani nani alisoma mpaka wapi na nani alipata kazi gani, hayakutoa jibu la uhakika. Kipindi kiliwafikisha watoto mlangoni wakiwa tayari, yaliyofuata ndani ni ya shule. Mimi hilo linanitosha, maana malalamiko ya walimu wetu ni kwamba watoto wanafika mlangoni bila kitu.

Tena ushahidi hauko Marekani pekee. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilianza kuonyesha Ubongo Kids TBC1 Januari 2014, hisabati na sayansi kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Baadaye likaja na Akili and Me kwa wadogo wa awali. Mtafiti Dina Borzekowski alikipima kipindi hicho cha pili Morogoro. Waliokitazama kwa wiki nne waliwapita waliotazama vipindi vingine katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, kuchora, hata Kiingereza.

Ingia sebule ya Uyole Jumamosi asubuhi mwezi wa saba, baridi imekaza, watoto wamejipanga kwenye mkeka na masweta yao, wa jirani wamesimama mlangoni kwa sababu miguu ina vumbi. Kwenye TV iliyovishwa kitambaa cha kufuma linatoka swali lenye majibu matatu. Mkubwa ameshanyakua kitochi, simu ndogo ya mama, maana kipindi kiliundwa ili mtoto aweze kujibu kwa ujumbe mfupi. Mdogo anapiga kelele “ni B!” kabla hajamaliza kuandika, na mama jikoni anauliza nani tena anamaliza salio lake. Yule wa mlangoni, ambaye kwao wanaongea Kisafwa na bibi, anarudia swali lote kwa Kiswahili sanifu, neno kwa neno. Darasa la awali litamfundisha kwa lugha hiyohiyo. Mtoto wa Kinga au wa Ndali anayefika shule akiwa ameisikia kwa wingi ana nafuu ambayo mzazi wa mjini haioni, kwa kuwa wake alizaliwa nayo.

Kwa hiyo tazama azimio la kuzima linampiga nani. Nyumba yenye kifurushi kikubwa na katuni za Kiingereza usiku na mchana itapumzika vizuri tu. Nyumba yenye king’amuzi cha chaneli za bure itapoteza kile kidogo cha Kiswahili inachokipata, na mtoto atahamia kibanda umiza, banda la video la mtaani, anakoonyeshwa sinema za mapanga zilizotafsiriwa kwa sauti kubwa. Shule zilipofungwa kwa corona, kuanzia 17 Machi hadi 29 Juni 2020, nyumba hizo hazikuwa na mwalimu mwingine.

Na sisi wa milimani tuna chenga zetu. Loleza ni mlima wa mita 2,656 juu ya mji, ukikaa upande mwingine unajua maana yake. Enzi za analojia watu walifunga antena kwenye mwanzi na mtu mmoja akabaki nje kuugeuza. Analojia ilizimwa Mbeya 30 Aprili 2013, picha ikawa safi kwa aliyenunua king’amuzi, na kwa asiyenunua ikapotea kabisa. Haikuzungumzwa sana kama suala la watoto, ingawa wao ndio walioumia bila kuwa na wa kuwasemea.

Upande ninaoutetea una udhaifu wake, na si mdogo. Vipindi hivi vinategemea wafadhili, na mfadhili akibadili kipaumbele kipindi kinakonda. Havituhusu sana pia: Akili, mhusika mkuu wa Akili and Me, anaishi chini ya Kilimanjaro. Sijaona cha watoto wa huku, wa viazi na ulanzi na ukungu wa Kitulo, wakati kuna jambo la kuwaambia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliiweka Iringa juu kabisa kwa udumavu, asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano, katika mkoa unaouza chakula kwa nchi nzima. Wimbo mmoja mzuri kuhusu maharage na mboga ungefika sebuleni haraka kuliko semina za halmashauri.

Vibanda umiza vya Mwanjelwa vina skrini, umeme na mabenchi, na mpaka saa sita mchana havina mteja kwa sababu mpira haujaanza. Vipindi vya Ubongo viko YouTube, unavibeba kwenye flashi na kuwaonyesha watoto humo asubuhi. Mwenye kibanda atataka chake, na ni haki yake. Watoto 50 kwa shilingi 100 ni 5,000 kwa Jumamosi moja, fedha ambayo kamati ya shule inaweza kuipata bila kuandika andiko kwa mtu. Atahitajika pia mtu mzima wa kukaa nao, wa kusimamisha picha swali likitoka na kuwasubiri wajibu.